Mapipa ya Jumamosi na Mkono wa Zawadi

Kadutu, Bukavu
Ijumaa asubuhi

Papa mpendwa,

Kuna sauti moja niliyorudi nayo kutoka nyumbani mwezi wa saba, na mpaka leo haijanitoka masikioni. Ni sauti ya mizizi miwili ya muhogo ikigonganishwa: ko, ko, ko. Wewe ulikuwa umekaa kwenye kiti chako cha kukunja, kofia juu ya goti. Mama mkwe wa dada yangu Zawadi alishusha kikapu mbele ya mlango wetu, akatoa mizizi miwili, akaigonganisha mbele ya majirani. Muhogo uliolala majini siku sita haulii hivyo. Ukiubonyeza, kidole kinazama. Ukiuangusha, unajibwaga kimya kama tope. Ule wa Zawadi ulilia kama kuni kavu, na Zawadi alisimama pale kando ya kikapu, mikono ameificha ndani ya kitenge.

Sasa niwasalimu. Mgongo wa Mama unaendeleaje tangu mvua zilipoanza? Na kile kikohozi chako cha asubuhi, Papa, kimepungua? Nakiulizia kwa sababu maalumu, utaiona mbele. Mimi mwili wangu ni mzima. Ninakula vizuri, chumba changu hakivuji, kazini sijakosa siku hata moja. Lakini nina hasira. Ninakuandikia nikiwa nayo, sikungoja itulie, maana nimeona hasira yangu ikitulia inageuka adabu, na adabu yangu mwezi wa saba haikumsaidia mtu.

Nakuomba jambo moja kabla hujaendelea. Mama hajui kusoma, na ninajua ukimsomea barua zangu huwa unaruka mistari. Hii usiruke. Msomee yote, hata pale ambapo haitakupendeza.

Kwa hiyo naanza tangu mwanzo, ili Mama asikie kwa mpangilio. Zawadi alipoolewa kule juu, alipewa dimbwi la kulowekea muhogo kama kila bibi harusi mpya anavyopewa: lile la mbali, ambalo wenzake hawalitaki kwa sababu ya mwendo. Liko kwenye kile kijito kinachopita nyuma ya kiwanja cha miti cha mgodi. Wake wengine wa ukoo ule wanaloweka chini zaidi, baada ya kijito cha pili kuingia, pale kwenye kivuko chenye tope jeusi. Muhogo wao ulilainika. Wa Zawadi ukakataa mara ya kwanza, ukakataa mara ya pili. Mara ya tatu aliukausha hivyo hivyo na kuutwanga kwa nguvu, kwa sababu aliona aibu kusema. Mama mkwe akala bugali ule, kichwa kikamzunguka, akatapika siku nzima. Muhogo wetu ni mchungu, sote tunajua sumu yake inaishia majini ukilainika, na usipolainika inabaki.

Basi alikuja kwetu na kikapu, na maneno yake ninayo yote.

"Muangalie wenyewe," alisema. "Siku sita mu maji. Muhogo inakataa mukono ya mwanamuke mwenye kuficha bwana mwingine. Miye sikusema kitu. Muhogo ndiyo inasema."

Zawadi alimjibu kwa sauti ndogo sana, "Miye sina bwana mwingine, mama. Miye niko na ile maji tu."

Hakuna aliyemsikia, au tulisikia tukaona si jibu. Mume wake alikuwa anaangalia viatu vyake. Wewe ulisema, "Tutaona." Na mimi, niliyesomeshwa na Masista miaka yote ile, mimi ninayevaa koti jeupe na kuandika majina ya dawa kwa Kifaransa, sikusema neno. Nitakiri na lililo baya zaidi, kwa sababu siwezi kuwakasirikia ninyi halafu nikajiacha mwenyewe. Kwa muda mfupi nilitazama mikono ya dada yangu na kujiuliza kama ni kweli. Mimi niliyelala naye mkeka mmoja.

Kilichoniamsha ni pua. Nilipoinua mizizi ile kuirudisha kikapuni ilinuka, na harufu yake niliijua tangu utoto. Ni harufu ya koti lako la kazi, Papa.

Kesho yake nilisema ninakwenda kuwaaga rafiki zangu. Nilikwenda mtoni na chupa tatu za limonadi. Moja niliijaza juu kabisa, kwenye chemchemi, kabla maji hayajafika kiwanjani. Ya pili niliijaza katika dimbwi la Zawadi. Ya tatu chini, kwenye kivuko cha tope jeusi, pamoja na tope kidogo. Mama aliuliza kwa nini ninabeba maji kupeleka Bukavu ambako kuna ziwa zima. Alicheka, nami nikacheka. Leo namjibu.

Kazi yetu hapa laboratwari ni kuangalia maji ya mji. Maji yana vijidudu ambavyo macho hayavioni. Katika tone moja vimejaa kuliko watu siku ya soko la Kadutu. Baadhi vinaleta ugonjwa, na watu wanadhani vyote ni hivyo. Si kweli. Vingi ni wafanyakazi. Jani likianguka mtoni, mnyama akifa mtoni, maji machafu ya jikoni yakimwagwa mtoni, wao ndio wanaokula na kuvunjavunja vile vitu mpaka mto unarudi kuwa mto. Ni wao pia wanaolainisha muhogo wa Mama. Mama amefanya kazi nao maisha yake yote, na hajawahi kuwaona.

Tuna namna ya kuwajua kama wako hai. Unajaza chupa maji, unatia matone ya ile dawa ya buluu ambayo Masista walikuwa wanatupaka kinywani tukiwa na vidonda, unaziba vizuri, unaweka gizani. Vijidudu wakila, wanamaliza hewa iliyo ndani ya maji, na hewa ikiisha buluu inafifia mpaka maji yanakuwa meupe. Mkubwa wetu, ambaye wafanyakazi wanamwita Bwana Chupa, anatumia kipimo hiki kwa maji ya mifereji: buluu ikibaki siku nyingi, anaandika kwamba hakuna uchafu wa kuliwa, maji ni mazuri.

Nilitia buluu katika maji ya dimbwi la Zawadi. Ilibaki. Siku ya tatu ilibaki, siku ya tano ilibaki, nzuri kama vazi la Bikira. Bwana Chupa alipita, akaiinua kwenye mwanga, akasema haya ni maji bora, yametoka wapi? Nilipomwambia yanatoka nyuma ya kiwanja cha mgodi alisema basi mgodi unastahili pongezi.

Papa Deo, mzee wa Kabare aliyenifundisha kazi hii, anayeosha chupa tangu laboratwari ilipofunguliwa, alisubiri Bwana Chupa atoke. Akakitoa kizibo, akanusa, akanirudishia.

"Mutoto," aliniambia, "hii maji iko safi namna kaburi iko kimya."

Nilikaa chini. Buluu ilikuwa imebaki kwa sababu humo ndani hapakuwa na wa kula. Wote walikuwa wamekufa.

Nikarudia kazi upya, mara hii kwa akili. Nilikata vipande vya muhogo mchungu sawasawa, nikatia kimoja katika kila chupa pamoja na buluu. Maji ya chemchemi yaligeuka meupe siku ya pili, na kipande kilianza kulegea. Maji ya dimbwi la Zawadi yalibaki buluu juma zima, na kipande ni kigumu mpaka leo. Ninacho mezani, nikigonga nacho meza kinalia ko. Hakuna mkono wa Zawadi uliogusa chupa hizo, Papa. Nilizijaza mimi na kuziba mimi. Kama muhogo unasema siri za mwanamke, basi useme zangu.

Halafu chupa ya tatu. Maji ya kivukoni yalikuwa na harufu ile ile ya lami, lakini hafifu. Niliyagawa mara mbili. Nusu niliichemsha ili kuwaua vijidudu, nusu nikaiacha na tope lake. Baada ya siku kumi niliwaita Papa Deo na mfagiaji, nikawafumba macho kwa kitambaa, nikawanusisha. Ile iliyochemshwa ilinuka lami kama siku ya kwanza. Ile yenye tope hai ilinuka mto. Unanielewa, Papa? Wale vijidudu wa tope jeusi wamejifunza kula mafuta meusi yanayonuka hivyo. Miaka yote yameteremka kwao kidogo kidogo, yamechanganyika na maji ya kijito cha pili, nao wameyala. Ndiyo sababu muhogo wa wake wengine unalainika. Lakini kule juu, kwenye dimbwi la Zawadi, mafuta yanafika mengi kwa mkupuo mmoja, na kinacholiwa kidogo kidogo kikija kingi kinaua mlaji.

Sasa nifike pale ambapo najua ungependa kuruka.

Mafuta yanatoka wapi? Kwenye kiwanja cha miti wanachovya nguzo za mgodi katika mafuta meusi ili mchwa wasizile. Na kila Jumamosi, kabla ya kufunga kazi, mapipa yanavingirishwa mpaka kijitoni na kuoshwa. Nani anapiga filimbi ya kuyavingirisha? Kapita, yule msimamizi wa kiwanja. Kapita ni wewe, Papa.

Niliandika sentensi hiyo mara nne katika karatasi nyingine kabla ya kuiweka hapa. Sisemi ulijua. Najua Mzungu wa kiwanja ndiye aliyeagiza, na najua kapita anayeuliza maswali anakuwa mtu wa kuchovya nguzo tena. Mafuta hayo hayo ndiyo yaliyokupa kikohozi, na mshahara wake ndio ulionipeleka kwa Masista. Nalijua hilo kila nikishika kalamu. Lakini wewe ulikaa kwenye kiti, kofia gotini, ukanusa mizizi ile kama nilivyoinusa mimi. Pua yako ni ya kapita wa miaka mingi. Ukasema, "Tutaona."

Nilimpelekea Bwana Chupa ukurasa mmoja, safi, wenye chupa zote na siku zote. Aliusoma mpaka mwisho, hilo namsifu. Akasema kipimo nimekifanya vizuri kuliko alivyonifundisha. Kisha akasema maji ya mgodi si kazi yetu, kazi yetu ni mabomba ya Bukavu, na akautia ukurasa katika droo. Nikamuuliza, "Sasa mto wa kwetu ni kazi ya nani?" Akasema ni swali zuri, akachukua kofia yake, akaenda kula.

Siku ile nilielewa kitu. Kule kwetu, muhogo ukikataa, watu wote wanajua mara moja pa kutafuta kosa: kwa mwanamke mgeni. Hapa mjini, mwenye elimu akionyeshwa kosa liko wapi, anajua mara moja pa kuliweka: katika droo. Njia ni mbili, lakini Zawadi anabaki pale pale, mikono ndani ya kitenge.

Nilipokuomba umruhusu aje kukaa kwangu kidogo ili midomo ipumzike, ulikubali, na nilikushukuru. Amekaa hapa juma la nne sasa. Alipofika alikuwa hashiki chakula cha mtu mwingine. Maman Nsimire, mwenye nyumba ninamopanga chumba, anauza unga wa muhogo sokoni hapa Kadutu. Zawadi alikataa hata kumsaidia kumenya. Alisema mkono wake umeharibika. Alisema hivyo kama mtu anavyosema nina homa. Mmemfundisha kuamini, Papa, na nadhani hilo ndilo linalonikasirisha kuliko mapipa.

Nilimwonyesha chupa. Alinusa, akatazama, akazirudisha mezani. Baada ya siku mbili aliuliza kama anaweza kujaribu. Alimenya kikapu kizima cha muhogo mchungu peke yake, akauloweka katika pipa la Maman Nsimire kwa maji ya chemchemi ya mtaa. Hakuniruhusu nisogee, alisema nisije nikausaidia kwa elimu yangu. Siku ya nne alitumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Nilikuwa mlangoni. Sikusikia sauti yoyote. Aliutoa mzizi mmoja, akaufinya, ukapita kati ya vidole vyake kama uji mzito. Alikaa chini pale pale kwenye maji yaliyomwagika na akalia, halafu akacheka, maana kuku walikuwa wanakula muhogo mkononi mwake.

Maman Nsimire alikuja kuona kelele za nini. Nilimweleza. Aliuchukua mkono wa Zawadi, akaugeuza huku na huku kama mtu anayechagua samaki.

"Huyu mukono ndiyo ulifukuzwa?" akauliza. "Basi unibakie nao. Miye yangu inachoka, na ile ya binti yangu iko mivivu kabisa."

Tangu siku hiyo Zawadi anamlowekea unga wa biashara. Wateja wanakula na hakuna aliyetapika.

Katikati ya hayo ikaja barua yako. Unasema umekwisha kuongea na wakwe. Unasema nimtie Zawadi ndani ya kamyo, lile lori la Ijumaa, umekwisha kumlipia shofere kiti cha mbele, na Jumapili atapiga magoti mbele ya mama mkwe akiwa na kuku mweupe, aseme amekosa, mambo yaishe. Nilimsomea yeye mwenyewe, sikuruka. Aliuliza swali moja: "Niseme nimekosa nini?" Kama una jibu liandike, kwa herufi zako, uweke na sahihi. Akisema amekosa atakuwa amesema ana bwana mwingine na alitaka kumuua mama mkwe. Ataishi na maneno hayo mpaka azeeke, watoto wake watatukaniwa, na Jumamosi filimbi italia kama kawaida, na bibi harusi atakayefuata atapewa dimbwi lile lile.

Sikuombi uache kazi. Nakuomba jambo ambalo kapita anaweza kulifanya bila kumwomba Mzungu ruhusa, kwa sababu kupanga wapi mapipa yataoshwa ni kazi yako. Chimbeni shimo refu upande wa pili wa kiwanja, mbali na kijito. Pelekeni tope jeusi kutoka kivukoni, ndoo nyingi, mlitandaze chini, na mlilowanishe. Osheeni mapipa humo, machache kwa juma, si yote kwa siku moja, ili wale wafanyakazi wadogo wapate muda wa kula. Sijui kama watakula yote. Papa Deo anafikiri watakula mengi. Lakini najua mto hautaletewa sumu kwa mkupuo tena. Na dimbwi la Zawadi, baada ya mvua kubwa kadhaa, litapata wakazi wapya kutoka chemchemini.

Unisalimie Koko, mama yako, mwenye kunusa mvua kabla ya mawingu. Mwambie bado nalala na blanketi alilonipa. Umsalimie Kaka Benedikto, fundi wa baiskeli, na mke wake aliyejifungua. Nimesikia ni msichana, na nimefurahi. Umsalimie Tonton Yozefu katekista, mdogo wako, mwambie siku moja ahubiri juu ya ushuhuda wa uongo. Mama namsalimu mwisho kwa sababu ndiye ninayemfikiria kwanza. Mama, ni wewe utakayejua kusoma kile kilichokuja na barua hii, kuliko Papa, kuliko Bwana Chupa. Ubonyeze kwa kidole.

Shofere amekwisha kuwasha injini, nami namalizia nikiwa nimeegemea ubavu wa kamyo. Jumatano nilikwenda na Zawadi kwenye ofisi ya mtaa, tukaomba karatasi yake ya kukaa Kadutu kwa kazi ya Maman Nsimire, na jana ikapigwa muhuri. Ukurasa wa chupa nimeuandika upya kwa Kiswahili, kwa jina langu, si kwa jina la laboratwari, na nimeutuma kwa posta kwa mkubwa wa teritwari, anayetawala wilaya yetu. Nakala nyingine iko ndani ya bahasha hii, ya kusomewa wakwe. Zawadi hajapanda. Amesimama karibu yangu, mikono yake iko nje, ina unga. Kwenye kiti ulichomlipia, karibu na shofere, tumefunga kwa kamba kikapu cha muhogo aliouloweka yeye, ulio laini mpaka umelowanisha majani ya ndizi. Kikapu kikifika, mpelekee mama mkwe mizizi miwili, Papa, na umwombe aigonganishe.

Mtoto wako anayekuheshimu, na bado amekasirika,

Wabiwa